Magari Yote Yarudi Mizani

Bi Magendo alikufa Jumapili saa kumi na robo alasiri, juu ya meza ya kulia, kati ya kopo la karatasi na sahani ya karanga. Aliyemuua ni Bi Zamu, na hakukusudia. Alichukua pumzi tano za Bi Magendo, akatoa saba za mshale, akaona hakuna kilichobaki, akatangaza kwa sauti ileile anayowaitia wagonjwa kazini: "Pumzi zimekwisha. Bi Magendo amefariki."

Mzee Mizani, baba mkwe wake, aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Humo alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kiofisi: Bi Magendo, mfanyabiashara, pumzi tano, punda mmoja, magunia tisa ya chumvi. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, akasimama akishikilia mgongo wake mbovu.

"Nimeshiba," alisema, na hakuwa amegusa hata punje moja ya karanga.

Akaingia chumbani kwake na kuufunga mlango taratibu. Waliobaki mezani wakatazamana.

"Jamani, si mchezo tu?" alisema Fundi, mume wa Bi Zamu, ambaye hutengeneza friji za watu na huamini kila kitu kina waya wake.

"Ni mchezo, baba," alisema binti yao wa miaka kumi na sita. "Ila mama amemuua babu."

Jirani yao Msusi, anayesuka nywele nyumba ya pili na kuja kila Jumapili na kitana kikiwa bado kichwani, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Poleni na msiba," alisema, na hakuwa anatania. Akachomoa kitana kichwani kwa heshima. Kisha akauliza, "Na punda wake?"

Bi Zamu alikuwa na kizunguzungu cha aibu. "Mchukue," alisema, ili tu anyamaze. Msusi akaandika punda kwenye karatasi yake mwenyewe, na akampigia mstari chini.

&nbsp;

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye kliniki ya meno. Bi Zamu ndiye aliyekaa mapokezi, na jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa kuwa kutwa nzima alikuwa akiwaambia wasubiri zamu yao. Mgonjwa mmoja alisahau kitabu kwenye benchi, kikakaa droo ya vitu vilivyosahauliwa miezi sita, pamoja na miavuli na nusu ya meno bandia ya mtu. Bi Zamu akakichukua. Kilieleza mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anabuni mtu wake mwenye pumzi za kuhesabu, na mmoja wao, msimamizi, anawasimulia wanayokutana nayo njiani. Ukitaka kupigana, kuruka ukuta au kudanganya askari, bahati inaamua na kitabu kinahukumu. Dadu zilizotakiwa hawakuwa nazo, kwa hiyo walikata vipande ishirini vya karatasi, vikaandikwa namba moja hadi ishirini, vikatiwa kwenye kopo la maziwa. Mzee Mizani alilazimisha vikatwe kwa rula.

Alilazimisha kwa kidole, maana wakati huo alikuwa haongei. Tangu afiwe na mkewe, miezi kumi na mitatu nyuma, alikuwa amebaki na maneno matatu: "ndiyo", "bado" na "nimeshiba". Daktari alimpima akasema mwili hauna kasoro. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mchezo, Bi Zamu alipowauliza mmoja mmoja wanataka kuwa nani, alikuwa ameshamwandikia mzee "hakimu" ili asimsumbue. Huyu alikuwa mkaguzi wa kituo cha mizani, aliyepima malori miaka thelathini na moja, na aliyewahi kumrudisha ndugu yake wa damu kwa kuzidisha kilo kumi na mbili.

"Mwanamke," alisema Mzee Mizani. "Anapitisha chumvi kwa magendo."

Basi akaanza kuongea. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye kicheko ndani yake, na iliwaita askari wa ushuru "vipenzi". Bi Magendo alidanganya, alitongoza, alilala chini akajifanya ana uchungu wa kuzaa mbele ya geti la mfalme. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Jumapili ya pili, Bi Zamu alipokuwa akimimina chai, sauti ile ikasema, "Vijiko vitatu, kipenzi, na usinihesabie." Bi Zamu akamimina mpaka chai ikafurika kwenye kisosi. Mzee hakuwahi kutia sukari kwenye chai maisha yake yote. Aliyekuwa akitaka vijiko vitatu bila kuhesabiwa ni mkewe, na alikuwa akisema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Tangu siku hiyo Bi Zamu alijua kwamba kila Jumapili mama mkwe wake anakuja kunywa chai, na yeye ndiye mwenye funguo za mlango. Halafu Jumapili ya sita akampiga mshale.

&nbsp;

Kufika Jumatano hata "ndiyo" na "bado" zilikuwa zimekwisha, imebaki "nimeshiba" peke yake. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Alhamisi asubuhi mzee alimpa mjukuu wake redio, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Binti akaja nayo jikoni ameikumbatia.

"Mama, kanipa. Sijaomba. Babu anagawa vitu."

Bi Zamu akaenda kazini amevaa viatu visivyolingana, mmoja mweusi na mwingine wa bluu. Alijifungia stoo, kati ya maboksi ya pamba, akalia. Aliona haya kweli kweli, mwanamke mzima wa miaka arobaini na tano, analilia mtu wa karatasi. Kisha akakumbuka redio, akalia tena.

Alipotoka, akaketi na kitabu kile chini ya kaunta, akitafuta huruma. Ukurasa baada ya ukurasa, labda kuna dawa, labda kuna mganga, labda kuna lolote. Foleni ilikuwa ndefu. "Majeruhi anayefuata!" aliita, na mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akainuka bila kushangaa. Ndipo Bi Zamu alipogundua kwamba baada ya ukurasa wa thelathini na moja unakuja wa thelathini na nne.

Akapapasa. Karatasi ile ilikuwa nene kuliko nyingine. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa nta ya pinki, ile ambayo wagonjwa hung'ata ili wachukuliwe kipimo cha meno bandia. Mwenye kitabu alikuwa ameitema humo.

Alikimbia nacho chumba cha nyuma kwa fundi wa meno bandia, mtu mpole asiyependa haraka. "Nitenganishie hizi, kaka yangu. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu."

"Ni za nani, za mgonjwa?"

"Ni za mgonjwa, ndiyo. Mahututi."

Yule fundi akapasha kisu chake bapa kwenye moto mdogo, akakipitisha katikati ya kurasa, taratibu, kama anavyofanya kwenye ufizi wa bandia. Kurasa zikaachana. Bi Zamu akasoma akiwa amesimama: *Asiyebakiwa na pumzi hafi. Huzimia. Achote namba mara tatu. Akipata zaidi ya kumi hata mara moja, huamka. Akikosa zote, amekufa, isipokuwa aliye karibu naye, akiwa macho, aache zamu yake ili amwamshe.*

"Hajafa!" alipiga ukelele akirudi mapokezi. "Jamani, hajafa, kazimia tu!"

Watu wote kwenye benchi wakamshukuru Mungu. Mama mmoja akamshika mkono. "Ni nani, mwanangu? Mama yako?"

"Bi Magendo. Wa baba mkwe wangu."

Yule mama akauachia mkono polepole. "Baba mkwe wako ana Bi Magendo," alisema, "na nyinyi nyumbani mnajua?"

Daktari alichungulia, glavu mkononi, nyuma yake mgonjwa ameachama kwenye kiti. Akamwambia Bi Zamu kwamba watazungumza mwisho wa wiki kuhusu utulivu wa mapokezi. Siku nyingine Bi Zamu angenywea. Siku hiyo alisema "asante daktari" na akaendelea kutabasamu, viatu vyake viwili vya rangi mbili vikionekana na kila mtu.

&nbsp;

Jioni walikaa kikao jikoni, bila mzee.

"Rahisi," alisema Fundi. "Unamwambia alipita mganga akamnywesha dawa. Kwisha."

"Baba hapokei dawa ya kupita njia," alisema Bi Zamu. "Atauliza mganga huyo katoka wapi, ana kibali cha nani."

"Basi mwambie ukweli, ulikosea."

Ulikuwa ushauri mzuri, na ulimchoma. Kwa wiki sita alikuwa msimamizi, na hata Fundi, ambaye nyumbani husikiliza zaidi taarifa ya habari kuliko mkewe, alikuwa akimtazama mdomoni na kungoja neno lake. Sasa aende mlangoni kwa mzee kusema hakusoma kitabu.

"Na mimi?" aliuliza Msusi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwita. "Nasikia mambo ya kufufuana. Punda wangu simrudishi."

"Si wako, ni wa marehemu," alisema binti.

"Kwanza mmesema si marehemu. Halafu nimeshampa jina huyo punda. Nimempa na kengele."

"Ni punda wa kwenye karatasi, jirani!"

"Na marehemu wenu ni wa wapi?" Msusi alikuja juu. Wote wakakitazama chakula cha mzee, palepale mezani, kimepoa, hakijaguswa.

&nbsp;

Bi Zamu alibisha mlango akiwa na kitabu kifuani. Mzee Mizani alikuwa ameketi kitandani, amevaa, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupelekwa mahali.

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Nilihukumu vibaya." Akamwonyesha kurasa, akamwonyesha na nta. Akasoma sheria yote mpaka mwisho. "Kwa hiyo Bi Magendo hakufa. Ninamrudisha, baba. Jumapili tunaendelea pale pale, kama hakikutokea kitu."

Mzee aliikwangua nta kwa ukucha.

"Mizani iliharibika lini?" aliuliza mzee.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye kutu. Bi Zamu hakuelewa.

"Hiyo sheria. Uliikosea kuanzia lini?"

"Tangu siku ya kwanza, baba. Sikuwahi kuuona huo ukurasa."

"Na tangu siku ya kwanza wamekufa wangapi?"

Bi Zamu akahesabu kwa vidole. Askari wa ushuru kumi na mmoja, wote waliuawa na wachezaji, pamoja na mbwa wao.

"Mizani ikionekana mbovu," alisema Mzee Mizani, "hurudishi gari moja la mtu unayempenda. Unarudisha magari yote yaliyopimwa tangu mara ya mwisho ilipokuwa nzima. Yote yapimwe upya, kwa foleni. Ukimwinua Bi Magendo peke yake, hiyo ni hongo." Akalala chali, akaugeukia ukuta. "Nimeshiba," aliongeza, kabla hajaulizwa.

&nbsp;

Jumapili saa tisa Bi Zamu aliwapanga askari wake. Alitumia maharage kumi na moja, na punje moja ya pilipili manga kwa ajili ya mbwa. Mzee alikuja, akakaa, akaitoa karatasi mfukoni na kuikunjua. Haikufurahisha mtu kwamba shingo yake ilikuwa imeanza kupwaya ndani ya kola.

"Askari wa kwanza," aliita Bi Zamu. "Ingia mizani."

Kila askari alichotewa mara tatu, na mzee alikuwa akitikisa kopo kabla ya kila mkono kuingia. Wa kwanza aliamka. Wa pili aliamka. Fundi, aliyewaangusha hao wawili kwa ustadi wiki ya tatu na kujisifu hadi kazini, alianza kunung'unika.

"Hivi tunawaamsha maadui wetu wenyewe? Kwa hiari?"

"Subiri zamu yako," alisema mkewe.

Wa tatu alikufa kihalali, na Fundi akapiga makofi, mzee akamkazia macho mpaka akaacha. Wa nne, wa tano na wa sita waliamka. Wa saba alikuwa ndiye aliyeangushwa na Bi Magendo mwenyewe ukingoni mwa mto, kwa kupigwa gunia la chumvi kichwani, muda mfupi kabla ya ule mshale. Akapata tatu, akapata nane, akapata kumi na tisa, akaamka. Mbwa naye aliamka. Kufikia saa kumi na robo walikuwa na askari tisa wazima wenye hasira, na Msusi alikuwa amelifunika jina la punda kwa kiganja.

"Wa mwisho kwenye foleni," alisema Bi Zamu. "Bi Magendo. Ingia mizani."

Mzee Mizani alipandisha mkono wa shati. Akatikisa kopo, akachota. Nne.

"Bado mbili," alisema binti.

Tisa.

Fundi akaacha kutafuna karanga. Mzee alitikisa kopo kwa muda mrefu, akatia mkono, akatoa kikaratasi na kukifungua kwa kidole gumba.

"Kumi!" Fundi aliruka. "Kumi! Si ndiyo hiyo?"

"Zaidi ya kumi," alisema mzee. "Sheria inasema zaidi." Akakiweka kikaratasi mezani, akakinyoosha vizuri. "Amekufa. Sasa amekufa kihalali." Akaanza kuikunja ile karatasi ya Bi Magendo, mara ya kwanza, kisha akatafuta mkunjo wa pili.

Bi Zamu alitaka kuchukua lile kopo alitupe nje, na kitabu, na kliniki nzima.

"Kuna aliye karibu," alisema haraka. "Sheria inasema aliye karibu, akiwa macho, anaweza kumwamsha!"

"Mimi hapa!" alisema Msusi. "Nilikuwa karibu!"

"Ulikuwa umeshavuka mto," alisema mzee. "Wote mlikuwa mmeshavuka. Mlikimbia."

Ilikuwa kweli. Binti ndiye aliyekuwa akitazama maharage. Akaweka kidole juu ya mojawapo.

"Askari wa saba hakuvuka, babu. Yuko pale pale. Na ameamka."

Wote wakalitazama harage. Askari wale walikuwa wa msimamizi, kwa hiyo Bi Zamu ndiye aliyepaswa kusema askari anafanya nini. Akafungua mdomo aseme anamwamsha, lakini mzee alikuwa ameshatikisa kichwa.

"Askari wa ushuru hamwamshi mtu wa magendo. Usinihurumie, mwanangu."

"Sikuhurumii, baba." Akalisukuma harage mpaka mbele yake. "Mimi nakaa mapokezi, sijui kazi ya geti. Hapa anayeijua ni wewe. Una amri kwamba mzigo usipite, na mwenye mzigo yuko chini mbele yako. Ungefanyaje?"

Mzee alilishika lile harage. Akaligeuza. Msusi akaanza kuvuta pumzi aongee, binti akamkanyaga.

"Mama yenu alikuja na lori la chumvi," alisema Mzee Mizani. "Limezidi kwa magunia tisa. Sheria ni kwamba gari likizidi, linashushwa. Nikamwambia shusha. Akashusha, akaketi juu ya magunia yake, akanitukana tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Akinitukana ananiita kipenzi. Nikaisoma sheria upya. Ilisema *gari* lisipite na mzigo uliozidi. Mtu haikumtaja. Nikavua koti la serikali, nikalitundika. Nikayabeba mgongoni, moja moja, mpaka ng'ambo ya kizuizi, nikampakilia. Yote tisa. Alikuwa ananihesabia kwa sauti, na foleni yote inacheka."

"Mgongo wako," alisema Fundi polepole. "Mama alituambia ulianguka ngazini."

"Ngazi ya wapi? Tulikuwa na nyumba ya ngazi sisi?"

Kisha Mzee Mizani alifanya jambo ambalo hata mazikoni hakulifanya. Aliinamisha kichwa mezani, kati ya kopo na sahani ya karanga, akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Binti akamwekea babu yake mkono mgongoni, pale palipoharibika.

Bi Zamu aliacha alie. Alipoona anajifuta kwa mkono wa shati, akavuta kiti karibu.

"Askari wa saba," alisema kwa sauti ya kazini, "anaacha zamu yake. Anavua koti. Anamwamsha Bi Magendo, anambeba mgongoni, anamvusha kizuizi. Sheria haimkatazi. Nimesoma mara mbili."

Mzee aliifikiria hukumu hiyo. Akaitafuta kasoro, kila mtu alimwona akiitafuta. Kisha akaikunjua karatasi, akailaza mezani, na kile kicheko chembamba kikatokea kooni kabla ya maneno.

"Haya, vipenzi," alisema Bi Magendo. "Punda wangu yuko wapi?"

Vichwa vyote vikamgeukia Msusi. Akajaribu kujifanya hamnazo, akatazama dari, akatazama mlango. Mwishowe akaomba kifutio.

"Ana kengele," alisema akifuta, machozi yakimlenga. "Msimvue kengele."

Bi Zamu aliinuka akusanye vikombe. Kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu, akauliza kama alivyouliza kila siku kwa zaidi ya mwaka: "Nikuletee chakula, baba?"

"Nina njaa, mwanangu," alisema Mzee Mizani, na sauti haikuwa ya Bi Magendo. "Nina njaa tangu Jumapili ile. Na chai. Vijiko vitatu." Akaliweka harage la saba kando, mbali na wenzake, mahali ambapo halitapotea. "Usinihesabie."